KUTABIRI TIBA SI KUPIGA RAMLI

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya waganga, wauguzi, mafundi wa picha na wananchi, juu ya matumizi ya picha za MRI katika tiba ya saratani za kichwa na shingo.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mashine, nami nitazungumza juu ya mashine. Lakini kabla ya kufika huko, yatupasa kwanza kumtazama mtu ambaye mashine hiyo imewekwa kwa ajili yake.

Saratani za kichwa na shingo ni zile zinazoota kinywani, kwenye ulimi, kwenye mafindofindo, kooni, nyuma ya pua, na katika kongomeo, yaani kile kiungo cha shingoni kinachotupatia sauti. Hukadiriwa kwamba duniani kote zaidi ya watu laki nane hupatwa na maradhi haya kila mwaka. Visababishi vyake vikubwa vinajulikana. Kuna tumbaku, iwe ya kuvuta, ya kutafuna au ya ugoro, kuna pombe, kuna tambuu yenye popoo, ambayo watu wa pwani na visiwani wanaifahamu vizuri, na kuna virusi viwili, kile cha HPV, na kile cha Epstein-Barr, ambacho kilitambuliwa mwaka 1964 katika vipande vya uvimbe wa watoto vilivyopelekwa London kutoka Uganda.

Maradhi yote ni mabaya, lakini haya yana ubaya wa aina yake, kwa sababu yanaingia mahali ambapo utu wa mtu unaonekana na kusikika. Kwa kinywa mtu hula pamoja na wenzake. Kwa ulimi na kongomeo huomba, hufundisha, hubishana, na humbembeleza mtoto. Kwa uso hutambuliwa njiani. Mwalimu akiondolewa kongomeo anaweza kuendelea kuishi, tena miaka mingi, lakini hataweza kusimama mbele ya darasa na kusema kama alivyozoea. Kwa hiyo mganga wa maradhi haya anakabiliwa na maswali mawili kwa pamoja: je, mgonjwa atapona? Na akipona, atabaki na nini?

Silaha tulizo nazo ni tatu. Kuna kisu cha mpasuaji, kuna mionzi, na kuna dawa zinazoua seli za saratani. Kwa uvimbe uliokwisha kukua, mara nyingi mionzi na dawa hutolewa pamoja. Kipimo cha kawaida cha mionzi ni grei 70, zinazogawanywa katika vipindi 35, kipindi kimoja kwa siku, siku tano kwa juma, kwa muda wa majuma saba. Majuma hayo saba ni mazito. Kinywa hufanya vidonda, mate hukauka, ladha ya chakula hupotea, na wengine hulishwa kwa mpira. Wako wanaobaki na kinywa kikavu maisha yao yote.

Sasa chukueni mfano wa wagonjwa wawili. Umri wao ni mmoja, uvimbe wao uko mahali pamoja na una ukubwa ule ule, na chini ya hadubini seli zake zinafanana. Wote wawili wanavumilia majuma saba. Uvimbe wa yule wa kwanza unayeyuka kama chumvi majini. Uvimbe wa yule wa pili unabaki, au unapungua kisha unarudi. Na kwa kawaida ukweli huu hujulikana kwa uhakika majuma kumi na mawili hivi baada ya tiba kwisha, kwa sababu kabla ya hapo mionzi yenyewe huwa imefura nyama za shingo na kumchanganya mchunguzaji. Tangu siku ya kwanza ya tiba, imepita zaidi ya miezi minne. Yule wa pili amebeba mateso yote ya tiba bila ya kupata faida yake; na upasuaji, ambao pengine ungemfaa mapema, sasa utafanywa katika nyama iliyokwisha kuunguzwa, ambayo huchelewa kupona.

Ndiyo maana watafiti wanauliza: je, hatuwezi kujua mapema? Hatuwezi kumtambua yule wa pili kabla ya kuanza, au angalau katika juma la kwanza au la pili, wakati njia nyingine bado iko wazi? Huko ndiko kutabiri jinsi uvimbe utakavyoitikia tiba, na hilo ndilo jambo langu la leo.

Swali hili ni la zamani kuliko mashine. Mwaka 1873, mjini Vienna, mpasuaji Theodor Billroth aliondoa kongomeo zima la mgonjwa wa saratani. Kwa miaka mia moja iliyofuata, saratani ilipokwisha kuenea katika kongomeo, kisu kilibaki kuwa jibu la kawaida. Kisha, mwaka 1991, hospitali za askari wastaafu wa Marekani zilitangaza matokeo ya jaribio lililowahusu wagonjwa 332. Nusu yao walipasuliwa moja kwa moja, kisha wakapewa mionzi. Nusu nyingine walianza kwa dawa. Baada ya duru mbili za dawa, uvimbe ulichunguzwa. Kama umenywea, mgonjwa aliendelea na dawa na mionzi bila ya kukatwa. Kama haukunywea, alipelekwa kwa mpasuaji. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai walikuwa asilimia 68 katika makundi yote mawili. Lakini katika kundi lile la pili, asilimia 64 ya wagonjwa walikuwa bado na kongomeo lao.

Naomba tulitafakari jambo hili, maana ndani yake mna kiini cha hotuba yangu yote. Waganga wale hawakuwa na dawa mpya ya ajabu. Walichofanya ni kuuliza uvimbe wenyewe swali, kusubiri jibu, na kubadili uamuzi kwa kufuata jibu hilo. Utabiri uliokoa sauti za watu kwa sababu ulifungwa pamoja na uamuzi.

Hata hivyo, waliuliza kwa kutazama na kwa kupima ukubwa, na ukubwa ni shahidi anayechelewa. Uvimbe unaweza kuwa umeanza kufa ndani ilhali kwa nje unaonekana vile vile, kama mti uliokatwa mizizi ambao majani yake bado ni mabichi. Kwa hiyo ilihitajika njia ya kutazama ndani ya uvimbe ungali hai, bila ya kuukata. Hapo ndipo mashine ya MRI inapoingia.

Ndugu zangu, picha za eksirei zilivumbuliwa na Röntgen mwaka 1895, na mwaka 1971 mashine ya CT, iliyobuniwa na Hounsfield, ilipiga picha ya mgonjwa wa kwanza mjini London. Mashine zote mbili zinatumia mionzi inayopenya mwilini. MRI ni kitu kingine. Msingi wa kupata picha kwa njia hiyo uliwekwa na Paul Lauterbur wa Marekani mwaka 1973, na ukaendelezwa na Peter Mansfield wa Uingereza. Nao walitunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Mashine hii ni sumaku kubwa. Nyingi zilizoko mahospitalini zina nguvu ya tesla 1.5, ambayo kwa makadirio ni mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia yetu.

Kazi yake ni hii. Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na kila molekuli ya maji ina chembe mbili za haidrojeni. Kiini cha kila chembe hiyo ni kama sumaku ndogo mno. Mtu akilazwa ndani ya mashine, viini hivyo huelekea upande wa sumaku kubwa. Mashine huvisukuma kidogo kwa mawimbi ya redio. Vinapurudi mahali pake hutoa sauti ya redio iliyo dhaifu, nayo mashine huisikiliza na kuichora kuwa picha. Kwa maneno mengine, MRI ni picha ya maji yaliyomo mwilini na mazingira ya maji hayo.

Sasa, maji ya mwilini hayatulii. Kila molekuli hutangatanga huku na huko. Katika ule muda mfupi ambao mashine hupima mwendo huo, yaani sehemu chache za mia za sekunde, molekuli ya maji isiyozuiliwa husogea umbali unaokaribia upana wa seli moja. Kwa hiyo, tukiweza kupima maji yanasogea kiasi gani, tutajua kama kuna kuta zinazoyazuia. Fikirini mtu aliyeko soko la Kariakoo mkesha wa sikukuu: anasukumwa, anageuka, lakini hafiki mbali. Mweke mtu huyo huyo katika uwanja mtupu, na mara moja ataweza kwenda atakako. Uvimbe wa saratani wenye seli nyingi zilizosongamana ni soko la mkesha wa sikukuu. Maji huru katika joto la mwili hupewa kipimo kinachokaribia 3. Ndani ya uvimbe wa namna hiyo, kipimo hicho hushuka na kukaribia 1.

Na seli zikianza kufa, kuta zake hupasuka. Msongamano hupungua, maji hupata nafasi, na kipimo hupanda. Mabadiliko hayo huweza kuonekana kabla uvimbe wenyewe haujapungua ukubwa. Huyu ndiye shahidi wa mapema aliyekuwa anatafutwa.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, walitangaza matokeo ya kuwachunguza kwa njia hii wagonjwa wapatao 40 wa saratani za kichwa na shingo, kabla ya tiba ya mionzi na dawa, wakati wa tiba, na baada yake. Waliona mambo mawili. La kwanza, wale ambao uvimbe wao ulitoweka kabisa walikuwa tangu mwanzo na kipimo cha chini zaidi, kwa wastani 1.04, ilhali wale ambao uvimbe wao ulipungua tu walikuwa na 1.35. La pili, na ndilo lenye uzito zaidi, kwa wale walioitikia vizuri kipimo kilipanda katika juma la kwanza la tiba. Mabadiliko ya juma hilo moja yaliwatambua kwa usahihi watu zaidi ya 80 katika kila 100 wa kila kundi. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, nao wametumia njia hii kwa wagonjwa wa namna hiyo, na kazi kama hizi zimeendelea katika nchi nyingine.

Huenda mtu akauliza: kwa nini uvimbe wenye seli zilizosongamana uitikie tiba vizuri kuliko ule wenye nafasi ndani yake? Maelezo yanayotolewa ni kwamba nafasi hiyo mara nyingi ni mahali palipokufa kwa kukosa damu. Na palipokosa damu pamekosa oksijeni. Tangu kazi ya Gray na wenzake ya mwaka 1953 huko Uingereza, inajulikana kwamba seli isiyo na oksijeni huhitaji kipimo cha mionzi kinachokaribia mara tatu ya kile kinachoiua seli yenye oksijeni. Kwa sababu hiyo kuna picha nyingine za MRI, ambazo mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye madini ya gadolini, kisha mashine hufuatilia jinsi damu inavyoingia na kutoka katika uvimbe. Palipo na damu haba, mionzi itapata upinzani. Kujua hivyo kuna faida, kwa sababu liko jambo la kufanya: nchini Denmark, baada ya matokeo yaliyotangazwa mwaka 1998, dawa ya nimorazole, inayozidisha nguvu ya mionzi kwa seli zilizokosa oksijeni, iliingizwa katika tiba ya kawaida ya saratani hizi.

Ndugu Mwenyekiti, mpaka hapa nimesifu. Sasa hapana budi nitahadharishe, maana sifa bila ya tahadhari ni biashara, na sisi hatukukutana hapa kuuza mashine.

Tofauti ya utabiri wa sayansi na ramli ni nini? Mpiga ramli haandiki alipokosea. Mtu wa sayansi huandika, tena huandika kwanza palipo na makosa. Nimesema kwamba kipimo kile cha Philadelphia kiliwatambua watu zaidi ya 80 katika kila 100. Basi tuwafikirie wale kumi na tano hivi waliobaki. Kama tungekifuata kipimo hicho peke yake, wako ambao tungewaambia, "Mionzi haitakufaa, twende tukakate kongomeo," ilhali mionzi ingewaponya. Na wako ambao tungewaambia, "Tulia, unaendelea vizuri," huku saratani inasonga mbele. Asilimia ni hesabu ya kundi. Lakini kongomeo ni la mtu mmoja. Kwa huyo aliyekosewa, kosa ni asilimia mia.

Kwa hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba picha inatabiri. Lazima ithibitishwe pia kwamba uamuzi unaofuata picha unamfaa mgonjwa kuliko uamuzi usiofuata picha. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na historia ya karibuni imetupa mfano wa kila upande.

Mfano wa upande mwema ni wa Uingereza. Zamani, mgonjwa aliyekuwa na mitoki mikubwa ya saratani shingoni alipasuliwa shingo hata baada ya mionzi na dawa, kwa tahadhari. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2016, wagonjwa 564 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja walipasuliwa kama desturi. Kundi la pili walipigwa picha ya PET pamoja na CT majuma kumi na mawili baada ya tiba, na wakapasuliwa wale tu ambao picha iliwatilia shaka. Katika kundi la kwanza kulikuwa na upasuaji wa shingo 221. Katika kundi la picha, 54. Na walioongozwa na picha hawakuishi muda mfupi kuliko wenzao. Picha ile si ya MRI, lakini somo lake ni letu: ilipewa jukumu la kuamua baada ya kupimwa kwa haki, kundi kwa kundi.

Mfano wa upande wa pili ni wa wagonjwa wa kirusi cha HPV. Mwaka 2010 ilithibitishwa huko Marekani kwamba saratani ya koo itokanayo na kirusi hicho huitikia tiba vizuri zaidi: baada ya miaka mitatu, wagonjwa wake walio hai walikuwa asilimia 82, na wenzao wasio na kirusi asilimia 57. Utabiri ulikuwa wa kweli kabisa. Ikaonekana basi kwamba watu hawa wanaweza kupunguziwa makali ya tiba. Dawa ya cisplatin, yenye madhara mengi, ikabadilishwa kwa dawa ya cetuximab. Mwaka 2018 yakatangazwa matokeo ya majaribio mawili makubwa: waliopewa dawa iliyodhaniwa kuwa nafuu walikufa wengi zaidi. Utabiri haukuwa na kosa. Uamuzi uliojengwa juu yake ndio uliokuwa na kosa. Lau mabadiliko hayo yangefanywa mahospitalini kwa pupa, bila ya majaribio, pengine hadi leo tusingejua.

Sasa tugeuke tujitazame sisi wenyewe. Je, Tanzania ina haja gani na habari hizi? Wako watakaosema kwamba MRI ni anasa, na kwamba nchi ambayo wagonjwa wake wengi wa saratani hufika hospitalini wakiwa wamechelewa haina haja ya kutabiri lolote. Wako wengine watakaosema tununue haraka kila kilichoko Ulaya, ikiwa ni pamoja na mashine zinazounganisha MRI na mionzi, kama ile iliyoanza kutibu wagonjwa mjini Utrecht, Uholanzi, mwaka 2017. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea.

Upande wa kwanza unasahau kwamba mashine za MRI zipo nchini, na kwamba picha ya mwendo wa maji ninayoizungumzia haihitaji mashine mpya wala sindano. Ni picha ile ile inayotumika kila siku kumchunguza mtu aliyepatwa na kiharusi. Kwa mgonjwa aliyekwisha kulala ndani ya mashine, ni dakika chache za ziada. Tena unasahau kwamba mahali ambapo nafasi za tiba ya mionzi ni chache, kujua mapema nani itamfaa na nani haitamfaa kuna thamani kubwa zaidi kuliko mahali palipo na wingi. Kwa miaka mingi Ocean Road, katika jengo lililofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, palikuwa ndipo mahali pekee nchini pa kupata mionzi. Siku hizi Bugando, Mwanza, nako hutoa tiba hiyo. Mgonjwa anayetoka mbali kuja kukaa mjini majuma saba anatumia nauli, chakula, na msimu mzima wa shamba lake. Majuma hayo hayapasi kutumiwa ovyo.

Upande wa pili unasahau kwamba namba haihami kama mzigo. Kipimo cha 1.04 cha Philadelphia kilipatikana kwa mashine za kule, kwa utaratibu wa kule, na kwa wagonjwa wa kule. Mashine mbili zinaweza kumpima mtu mmoja na kutoa namba mbili. Mgonjwa akimeza mate wakati wa kupimwa, picha ya koo hutikisika. Meno yaliyozibwa kwa madini huipinda. Na juu ya hayo, huko Marekani sehemu kubwa ya saratani za mafindofindo hutokana na HPV, ilhali tafiti nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zimeonyesha sehemu ndogo zaidi. Uvimbe wa kirusi hicho umeonekana mara nyingi kuwa na kipimo cha chini, nao huitikia tiba vizuri kwa sababu zake nyingine. Tukiichukua namba yao na kumwamulia nayo mvuta tumbaku wa hapa, tutakuwa tumempima mtu kwa kanzu ya jirani.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo manne.

La kwanza, tuanze kupima kwa mashine tulizo nazo. Kila mgonjwa wa saratani hizi anayepigwa MRI kabla ya tiba apigwe pia picha ya mwendo wa maji; na inapowezekana arudiwe katika juma la kwanza au la pili, siku ile ile anapokuja kwa mionzi, ili tiba yake isikatike hata siku moja. Ikumbukwe kwamba katika saratani hizi kila siku tiba inayorefushwa hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa asilimia moja au zaidi. Picha inayomchelewesha mgonjwa ni adui wa kile inachokitabiri.

La pili, tuzipime mashine zenyewe. Iko njia isiyo na gharama kubwa: chupa ya maji ikizamishwa katika barafu inayoyeyuka hadi itulie kwenye sifuri, mwendo wa maji yake ni 1.1, popote duniani. Mashine ikisoma vingine, kosa ni la mashine. Fundi wa Mwanza na fundi wa Dar es Salaam wakifanya hivyo kila mwezi, namba zao zitaweza kuzungumza lugha moja.

La tatu, tuandike. Kila namba iandikwe pamoja na habari za mgonjwa baada ya miezi mitatu, mwaka mmoja, na miaka miwili: amepona, uvimbe umerudi, au amefariki. Picha bila ya matokeo ni pambo la ukutani. Daftari lililotunzwa vizuri kwa miaka mitano lina thamani kuliko mashine ya pili. Na hapo tu ndipo hata kompyuta zenye akili mnemba, zinazosifiwa sana siku hizi, zitakapokuwa na kitu cha kujifunza kutoka kwetu. La sivyo, zitatuhukumu kwa yale ziliyojifunza kwa wengine.

La nne, mpaka uamuzi unaofuata picha uwe umepimwa kwa haki, mgonjwa yeyote asipunguziwe tiba wala asikatwe kiungo kwa neno la picha peke yake. Picha iwe shahidi, isiwe hakimu.

Na kwenu, Ndugu Wananchi ambao si waganga, nina neno moja. Utabiri bora kuliko wote katika saratani hizi haupatikani ndani ya sumaku. Uvimbe mdogo hupona kuliko mkubwa. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa majuma matatu, sauti iliyokwaruza kwa muda kama huo bila ya mafua, uvimbe wa shingo usioisha, maumivu ya kumeza: hayo ni mambo ya kumpeleka mtu kwa mganga bila ya kungoja. Na anayeacha tumbaku na tambuu leo anabadili utabiri wake kwa mkono wake mwenyewe.

Sayansi hii bado ni changa. Inaweza kutusaidia kumhifadhia mwalimu sauti yake na kumwepusha mkulima na majuma saba ya mateso yasiyo na faida. Lakini itatusaidia kwa kadiri tutakavyoitumia kuamua, na kwa kadiri tutakavyokuwa wakweli katika kuandika palipofaulu na palipokosea. Kazi hiyo haingoji fedha za kigeni. Inahitaji dakika chache za mashine, chupa ya maji, barafu, daftari, na watu wenye nidhamu. Vyote hivyo tunavyo.